Soko Halina Kiingilio, Sisi Tuna Kamati

Soko la Krismasi la Nuremberg halina kiingilio. Naomba hilo lieleweke mapema. Unashuka kwenye treni, unatembea dakika chache ndani ya mji wa kale, unafika uwanja wa Hauptmarkt, unaangalia vibanda vya mbao vilivyoezekwa turubai la mistari myekundu na myeupe, unanusa nusa, unarudi nyumbani. Mtu mwenye akili zake timamu anaimaliza shughuli hii kwa nauli na soseji. Hayo nimeyaandika kwenye kundi letu la WhatsApp, nikayarudia kwa ujumbe wa sauti asije mtu akasema hakuona, na jibu nililopata ni kuteuliwa mweka hazina.

Mwenyekiti ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu, anayeishi Stuttgart. Huyu ameongoza kamati za harusi za watu ambao mpaka leo hajui majina ya watoto wao. Katibu ni mke wangu. Mlezi wa kamati ni Mama mkwe, ambaye yuko Moshi na ndiye chanzo cha yote, kwa sababu anakuja kututembelea Desemba na aliona soko hilo kwenye simu ya jirani. Chini yao kuna kamati ndogo ya usafiri, kamati ndogo ya chakula na kamati ndogo ya mavazi. Niliuliza kwenda kuangalia vibanda kunahitaji kamati ya mavazi ya nini. Nikaambiwa mweka hazina huzungumza akiulizwa.

Tulianza na tarehe, na tarehe peke yake ilikula wiki nzima.

Mama mkwe alikuwa na msimamo. Nilimpigia, nikamwamkia, akaitikia marahaba na kuniuliza hali ya kila mtu ndani ya nyumba, kisha akasema, "Sasa baba, hiyo ya Krismasi si ngumu. Tarehe 25 tunatoka ibadani, tunapanda treni, tunakwenda."

"Mama, tarehe 25 soko limeshafungwa."

"Limefungwa vipi?"

"Linafunguliwa Ijumaa kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio, na linafungwa tarehe 24, saa nane mchana."

Kimya. Nilisikia jogoo wa Moshi.

"Soko la Krismasi linafungwa kabla ya Krismasi?"

"Ndiyo, Mama."

"Sasa hiyo Krismasi yenyewe wanafanya nini?"

"Wanakaa ndani, Mama. Maduka yote yamefungwa, siku hiyo na kesho yake."

"Hata bucha?"

"Hata bucha."

"Hebu mpe simu mwanangu."

Akataka kusikia kwa binti yake wa kumzaa, maana mkwe anaweza kusema lolote ili asitoe nauli. Na mimi, ndani ya moyo wangu, nilikuwa upande wake. Sisi tumezoea kwamba tarehe 24 watu bado wako njiani, mabasi ya Moshi yamefurika, mbuzi bado yuko hai na hajui lolote, na sikukuu inaanza asubuhi yake. Wenzetu wanasherehekea mwezi mzima kabla ya sikukuu, halafu sikukuu ikifika wanafunga mlango. Wanasubiri kwa kelele, wanafika kimyakimya. Lakini soko ni la kwao, na mimi sijaitwa kwenye kamati ya Wajerumani.

Basi tukapekua kalenda. Mama anatua Munich Ijumaa jioni, tarehe 19. Jumapili mke wangu ana zamu hospitalini, na shemeji anaimbisha kwaya kanisani kwake. Kuanzia Jumatatu binamu yangu wa Frankfurt yuko kazini. Ikabaki Jumamosi tarehe 20, yaani Jumamosi ya mwisho kabla ya Krismasi, siku ambayo kila mwenye miguu Bavaria nzima anaikumbuka Nuremberg. Soko lile lina vibanda kama 180 na kwa msimu mmoja hupokea watu wapatao milioni mbili. Nilijaribu kuwagawanya hao milioni mbili kwa siku zilizopo, kisha nikakumbuka kwamba hawaji kwa mgawanyo sawa. Wanakuja Jumamosi, na sisi tutakuwa katikati yao tukisukuma kigari cha mtoto.

Mwaka 2020 na 2021 soko hilo halikufanyika kwa sababu ya Uviko. Sisemi yalikuwa mema. Nasema tu kwamba Desemba zile hakuna aliyeniomba risiti.

Tarehe ilipopatikana, mtu mwenye akili angedhani tumemaliza. Hapo ndipo mwenyekiti alipouliza, "Lakini kwa nini Nuremberg?"

Shemeji anataka Stuttgart. Anasema soko la Stuttgart limetajwa kwenye maandishi tangu 1692, na vibanda vyake vinapambwa mpaka juu ya mapaa, wakati wa Nuremberg wanapamba mbele tu. Mke wangu akajibu kwamba Nuremberg wana kiboksi cha mbao chenye maandishi ya 1628 kinachotaja soko hilo. Binamu yangu wa Frankfurt, ambaye kwa kawaida huwa anatuma vidole gumba tu, akaamka kutoka usingizini na kuandika: "1393." Halafu akanyamaza. Frankfurt inatajwa mwaka huo, sikubishi, lakini namna alivyoiandika, nukta na yote, ilikera watu. Ndipo mtoto wangu wa kati, ambaye hata si mjumbe, akachukua simu ya mama yake akaandika kwamba Dresden ni 1434 na kule wanaoka mkate wa Krismasi mkubwa kiasi cha kubebwa kwa gari la farasi. Kikao kikaahirishwa.

Mimi nilipendekeza Munich. Tunaishi Munich. Pale Marienplatz, mbele ya jengo la manispaa, kuna soko la Krismasi lenye kila kitu: vibanda, taa, divai ya moto na mti mrefu kuliko nyumba yetu. Tunapanda treni ya chini ya ardhi, tunazunguka, Mama akichoka tunamrudisha nyumbani akiwa bado na joto. Pendekezo langu halikupata wa kuliunga mkono. Mke wangu alisema, tena kwa upole wa kuhurumia, "Mume wangu, pale si tunapita kila siku?" Inaonekana kitu kikiwa karibu na nyumba hakihesabiki kuwa sherehe.

Nuremberg ilishinda kwa sababu ya malaika. Alichokiona Mama kwenye simu ya jirani ni msichana mwenye taji na nywele za dhahabu akizungumza kutoka roshani ya kanisa la Frauenkirche, mikono ameinyoosha, umati wote kimya chini yake. Yule ndiye Christkind, Mtoto Kristo wa huko kwao, ambaye hulifungua soko kwa shairi. Tatizo ni kwamba anazungumza kutoka roshani ile siku ya ufunguzi, mwishoni mwa Novemba, wakati Mama atakuwa bado Moshi akipanga sanduku. Mambo haya mke wangu hajamwambia mama yake. Amesema atamwambia akishafika. Nimeandika hilo kwenye kumbukumbu za mweka hazina, na tarehe nimeweka, ili siku ya siku isije ikaonekana ni mimi.

Jambo la malaika likazaa lingine. Binti yangu mkubwa alisoma kwamba Christkind huchaguliwa kila baada ya miaka miwili kutoka kwa wasichana wa miaka 16 hadi 19, lazima awe na urefu usiopungua sentimita 160, asiwe mtu wa kuogopa kimo, na awe mzaliwa wa Nuremberg au mkazi wa muda mrefu. Urefu anao. Kimo haogopi, namjua. Miaka inakaribia. Akaja jikoni akaniuliza, "Baba, kwani kuhama ni shida?" Nikamwambia ninalipa kodi ya nyumba hapa. Akanitajia Benigna Munsi, aliyechaguliwa 2019, ambaye baba yake asili yake ni India. Tawi moja la chama cha mrengo wa kulia lilimkejeli mtandaoni na watu nchi nzima wakasimama upande wake. Sasa mzazi utajibu nini hapo? Nilisema tutaongea, neno ambalo nyumbani kwetu maana yake kila mtu anaijua.

Usafiri. Hapa naomba msomaji avute kiti.

Kuna tiketi ya siku nzima ya jimbo, inaitwa Bayern-Ticket, ambayo watu hadi watano wanaweza kusafiria pamoja kwa bei nafuu. Haipandi treni ya mwendo kasi, ile inayofika Nuremberg kwa saa moja hivi. Inapanda treni za mikoa, na hizo ni karibu saa mbili. Sawa, tuna muda. Jumamosi inaanza kutumika tangu usiku wa manane, si kama siku za kazi ambapo unasubiri mpaka saa tatu asubuhi. Mimi na mke wangu tayari tuna tiketi ya mwezi ya nchi nzima, ile iliyoanza kwa euro 49 mwaka 2023 na kufika 58 mwaka 2025, huku tukiambiwa tufurahi. Kwa hiyo hesabu yangu ya kwanza ilikuwa nzuri sana, nikaipiga picha nikaituma.

Mwenyekiti akajibu kwamba ni lazima tuingie Nuremberg kwa msafara, watu wote treni moja, ili picha ya kushuka iwe na sura. Kwa maana hiyo yeye na familia yake, ambao wangeweza kupanda treni Stuttgart wakaenda moja kwa moja kupitia Ansbach, watakuja kwanza Munich Ijumaa, walale kwangu. Binamu wa Frankfurt akaona naye asibaki nyuma. Fungua ramani. Treni yake ya kuja Munich inapita Nuremberg. Inasimama Nuremberg. Atafika Nuremberg Ijumaa jioni akiwa na mke, mtoto mchanga na mizigo, ataitazama stesheni kupitia dirishani, ataendelea hadi kwangu, atalala kwenye godoro la kujazwa upepo, kisha Jumamosi asubuhi ataamka arudi Nuremberg. Nilimpigia kumweleza. Akasema, "Kaka, umoja ni nguvu."

Jumla yetu ni watu 13 na choo kimoja.

Chakula nacho kina siasa zake. Fahari ya Nuremberg ni soseji ndogo za kuchoma, zinazolindwa na sheria ya Umoja wa Ulaya tangu 2003: urefu sentimita saba hadi tisa, uzito gramu 20 hadi 25, na lazima ziwe zimetengenezwa mjini humo. Unapewa tatu ndani ya mkate. Shemeji alipoona picha akauliza tunasafiri saa mbili kwenda kula vidole vya mtoto. Lakini tatizo kubwa si ukubwa. Ni nguruwe. Mke wa binamu yangu ni mtu wa Tanga, Mwislamu, na mwanamke mstaarabu kuliko sisi wote. Aliandika kwamba asitusumbue, yeye atakula lozi za kukaangwa kwa sukari na atafurahia taa. Jambo hilo lingeishia hapo kama si Mama mkwe kusikia. Mgeni ashinde na lozi? Kwenye msafara wake yeye? Akaagiza kutoka Moshi kwamba ipikwe pilau ya kuku, ibebwe kwenye hotpoti, na kuku anunuliwe kwenye bucha ya Waturuki.

Naomba mnisaidie kuiona picha hii. Uwanja umejaa, nyuzi joto mbili, magoti yanagongana, katikati ya watu wenye vikombe vya divai kuna familia ya Kitanzania imezunguka hotpoti, mtu mmoja anatafuta mwiko. Pilau ni chakula cha kukaliwa. Soko zima limejengwa kwa ajili ya watu waliosimama. Niliyasema haya. Kamati ndogo ya chakula, ambayo ni mke wangu na mke wa shemeji, ikaniuliza kama nina hoja au nina uchoyo.

Kuhusu divai ya moto, Mama alitaka kujua inawekwa nini. Nikamtajia mdalasini, karafuu, maganda ya machungwa, sukari. "Hiyo ni dawa ya mafua," akasema. "Na wanailipia?" Wanailipia, na juu yake wanalipia kikombe. Unaponunua kinywaji unaacha dhamana ya kikombe, ukirudisha unarudishiwa hela yako. Ni mpango safi kabisa mpaka uwe na mke anayevipenda vikombe. Kabati letu lina safu ya vikombe vyenye picha za soko na miaka yake, kila kimoja ni dhamana yangu isiyorudi. Safari hii tuko 13. Nimeweka kifungu kwenye bajeti na kukipa jina la "hasara inayotarajiwa". Katibu amekifuta na kuandika "zawadi".

Mkate wa tangawizi wa huko nao ulijadiliwa, maana Mama anataka kupeleka Moshi kwa wenzake wa jumuiya. Ule wa daraja la juu, Elisenlebkuchen, kwa kanuni haupaswi kuwa na unga unaozidi asilimia 10, na lozi na jamaa zake lazima zifike angalau asilimia 25. Mama alisikiliza kwa makini, mwanamke aliyewahi kuoka keki za vipaimara vya nusu ya usharika, akasema keki isiyo na unga ni njugu zilizoshikana, lakini tununue.

Ninachokitaka mimi hakuna aliyekiweka kwenye ratiba. Kwenye lile kanisa la Frauenkirche kuna saa iliyowekwa 1509, na kila siku saa sita mchana sanamu za wakuu wateuzi saba hutoka na kumzunguka Kaisari Karl IV mara tatu, kukumbuka amri yake ya 1356 iliyoweka utaratibu wa kumchagua mfalme. Shughuli nzima ni dakika chache. Wanatoka, wanazunguka, wanaingia ndani, mlango unafungwa. Hawana mchango, hawana sare, hakuna anayeuliza mwenzake yuko wapi. Ili tuione, lazima tutoke nyumbani saa mbili na nusu asubuhi. Kamati imepanga kutoka saa nne. Watu 13, choo kimoja, mwanamke mmoja aliyetoka kutua kutoka Kilimanjaro usiku uliopita: hiyo saa nne maana yake ni saa sita, na wakuu wateuzi watakuwa wamesharudi kulala.

Kisha ndiyo ikaja sare.

Mke wa shemeji ndiye mkuu wa kamati ndogo ya mavazi. Alituma picha ya kitenge, kijani na nyekundu na nyota za dhahabu, akauliza tunakionaje. Watu wakamwaga mioyo. Mama akathibitisha kwamba pale Moshi mjini kuna gora zima na fundi yupo. Nikauliza, kwa adabu, hiyo sare itavaliwa wapi. Desemba Nuremberg mtu anavaa fulana, shati, sweta, koti, skafu. Kitenge kitakuwa ndani, chini ya koti, hakuna atakayekiona ila daktari. Nilijisikia vizuri sana baada ya kutuma ujumbe huo. Ilikuwa hoja isiyo na tundu.

Ikapita nusu saa. Halafu mke wa shemeji akaandika: "Basi tutavaa juu ya makoti."

Hivi sasa nyumbani kwangu watu wanapimana wakiwa wamevaa makoti ya baridi. Mke wangu amenisimamisha sebuleni, nimefunga zipu mpaka kidevuni, jasho linanitoka kwa sababu hita inawaka, ananizungushia futi kifuani huku mtoto wa kati akiandika. Kifua, sentimita 131. Mimi si mtu wa sentimita 131. Fundi alipopokea vipimo vyetu akapiga simu kwa Mama kuuliza ukoo wake umepatwa na nini Ulaya.

Mama yeye amekataa koti. Anasema amezaliwa chini ya Kilimanjaro, baridi anaijua tangu tumboni, atavaa sweta lake la kanisani na kandambili na soksi. Nimenunua buti za namba yake na kuzificha. Hizo nimezilipa mfukoni, hazimo kwenye mchango.

Na mchango ndio huo. Nilituma orodha ya ahadi: nauli, chakula, sare, bembea za watoto pale Hans-Sachs-Platz, ambako kitinda mimba wangu akishapanda farasi wa mbao hashuki mpaka hela iishe, vyoo, zawadi. Mwenyekiti ameahidi euro mia na kuweka alama ya maombi. Binamu ameandika "tupo pamoja". Mama ametoa shilingi elfu hamsini taslimu, ambazo ziko Moshi. Fedha iliyokwishaingia mkononi mwa mweka hazina ni ya mke wa Tanga peke yake, ambaye haadhimishi Krismasi.

Jana usiku shemeji ametuuliza kama kuna pingamizi kwaya yake ikiungana nasi. Ni watu wachache tu, anasema, na sauti ya nne hawajatimia. Kabla sijajibu, fundi wa Moshi akanipigia mimi mwenyewe. Namba amepewa na mwenyekiti. Anataka nusu ya fedha leo ndiyo aanze kukata, na anauliza kola ya baba ikae juu ya skafu au chini yake.